Nyuki wa Chuma wa Bi Wiltruda

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana simu za picha zilikwisha kuwapo na watu walikwisha kuzoea kununua vitu ambavyo hawajavigusa. Basi ni zamani hiyo hiyo. Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa, kwa sababu nikishaanza sirudi nyuma.

Upande wa Songea, katika kijiji chenye bonde zuri la mpunga, aliishi mjane wa Kingoni, jina lake Bi Wiltruda Gama. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mkono mmoja na nusu. Nusu yenyewe ilikuwa ule wa kulia. Alianguka kutoka darini akipanga mahindi, mkono ukavunjika, ukaunga upande. Kushika kijiko uliweza. Kushika jembe, thubutu!

Na bonde lile halikuwa na subira. Kiangazi ardhi yake huwa ngumu, ukipiga jembe linaruka na kukurudia. Mvua za kwanza zikinyesha, udongo unalainika, watu wanakimbilia kulima. Halafu mto unapanda, bonde linajaa, na hapo aliyelima amelima. Asiyelima anakaa ukingoni na kuwatazama wenzake wakipandikiza, mpaka mwaka mwingine.

Mwaka uliotangulia, Bi Wiltruda alikaa ukingoni. Akala mchele wa kuomba, na mchele wa kuomba mnaujua, unapewa pamoja na ushauri. Huyu anakuambia ungeolewa tena, yule anakuambia ungehamia kwa wanao. Ulimkera kuliko njaa yenyewe. Akaapa kwamba mwaka huu hakai ukingoni, hata kama itabidi alime kwa meno.

Ndipo alipoiona mashine kwenye simu.

Ilikuwa mashine ndogo ya kulimia bustani, ile inayojivuta yenyewe, wewe kazi yako ni kuishika na kuigeuza tu. Ilitumika ng'ambo mpaka wenyewe wakaichoka, ikaletwa Tanga, kwenye yadi ya bwana mmoja aitwaye Saburi. Tangi lake lilikuwa limebonyea, mikono yake imefungwa waya, rangi imebabuka. Lakini kwenye video iliwaka kwa mvuto mmoja, ikachimbua ardhi kama kuku mwenye vifaranga. Bi Wiltruda aliitazama video ile mpaka simu ikaishiwa chaji.

Sasa, Tanga na Songea! Ukitaka kuujua umbali huo, muulize aliyewahi kusafiri amekalia gunia. Bi Wiltruda akampigia simu wifi yake, Mwanamvua, Mdigo aliyeolewa na kaka yake Otmar, wakafanya maskani huko huko Tanga.

"Wifi yangu, nenda kanitazamie kabla sijatapeliwa."

"Nitakwenda," akasema Mwanamvua. "Tena sitaki asante wala soda. Ila unalijua lile shamba letu la bondeni. Limelala miaka. Ukoo umesema likilala na mwaka huu, anapewa mtu mwingine. Otmar hali, halali. Mashine ikifika, anza na letu."

Bi Wiltruda akatazama angani. Mawingu yalikuwa bado membamba.

"Wifi," akasema, "ikifika salama, shamba lenu ndilo la kwanza."

Mwanamvua akajifunga khanga, akaenda yadi. Saburi akamtolea mashine inayong'aa, nyekundu, haina hata mkwaruzo.

"Hii hapa, mama. Bibi harusi!"

"Namwona," akasema Mwanamvua. "Lakini mimi nimetumwa ile mbaya."

"Ile mbaya ya nini, mama? Nakupa nzuri kwa bei ile ile."

Mwanamvua akaivuta kamba ya ile nzuri. Ikakohoa. Akaivuta tena. Ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza.

"Bibi harusi wako ana pumu," akasema. "Nipe ile mbaya."

Saburi akadai ile mbaya amekwisha kumwahidi mteja mwingine. Mwanamvua akazunguka nyuma ya yadi, akafunua turubai, akaikuta, akaikalia. Hakuinua makalio. Akawapigia simu wenzake wa kikundi cha ngoma, nao wakaja na matari, wakamwimbia Saburi vijembe getini pake, kila ubeti na jina lake ndani. Wateja wakajaa, lakini si wa kununua. Mwisho Saburi akainua mikono. "Chukueni! Chukueni na waya wake!"

Mwanamvua akamwaga petroli na oili, maana madereva hawapakii mashine yenye mafuta. Akaifunga kwa sandarusi, akaishona, akaandika juu yake jina, kijiji na namba ya simu ya Bi Wiltruda kwa wino mzito. Halafu, bila kumwambia mtu, akaichomoa plagi ya injini na kuitia kwenye pindo la khanga yake. Alijiambia kwamba mwizi wa njiani ataiba chuma bubu.

Je, mashine imefika? Bado.

Ilihitaji gari. Kijijini kwa Bi Wiltruda palikuwa na dereva, Fulgensi Mbano, aliyeendesha lori la chumvi kutoka Tanga kwenda Songea. Bi Wiltruda akampigia simu.

"Mama, lori limejaa," akasema Fulgensi. "Pamebaki upenyo nilioutengea mabati yangu."

"Yaache mabati, mwanangu."

"Nitayaacha. Lakini na mimi nisikilize. Mke wangu amejifungua mapacha. Mmoja akilala, mwenzake analia. Jembe atalishika kwa mkono upi? Bondeni kwetu hapajaguswa. Nilimie kwanza, mama."

Bi Wiltruda akatazama angani. Mawingu yalikuwa yamenenepa.

"Fulgensi mwanangu," akasema, "ikifika salama, shamba lako ndilo la kwanza."

Mnatikisa vichwa? Ngojeni kwanza. Ahadi ya kwenye simu haionekani usoni, ndiyo maana inatoka kirahisi.

Fulgensi akaondoka. Kila aliposimama, wapakiaji walitaka kurundika magunia juu ya ule mzigo. Kila aliposimama, akawafukuza. Mwishowe akachoka, akabuni jambo. Alikuwa na redio ndogo mbovu isiyoshika stesheni, inanguruma tu. Akaipenyeza ndani ya sandarusi, akaiwasha.

"Hicho ni nini?" wapakiaji wakauliza.

"Mzinga," akasema Fulgensi kwa upole. "Nyuki wako hai. Wamekasirika tangu Chalinze."

Basi! Hakuna aliyeweka gunia, hakuna aliyeweka hata kiwiko. Mzigo wa Bi Wiltruda ukasafiri umekaa peke yake kama mkubwa wa serikali, na chumvi imebanana pembeni.

Walipofika Ilula, kabla ya Iringa mjini, giaboksi ikafa. Fulgensi akaliacha lori kando ya barabara, akaenda Iringa kutafuta kipuri. Huku nyuma, mwenye chumvi hakutaka kusubiri. Akaleta lori jingine na wapakiaji wake. Wakahamisha chumvi yote, gunia kwa gunia. Walipoufikia mzinga, wakausikiliza, wakatazamana.

"Huu umo kwenye hesabu?"

"Hata kama umo."

Wakauacha kwenye lori bovu, wakaenda zao.

Je, mashine imefika? Bado kabisa.

Hapo kando ya barabara palikuwa na banda la vitunguu la mzee mmoja Mhehe, jina lake Kihwele. Alikuwa amekaa anawahurumia wale nyuki kwa jua. Mara redio, kwa sababu zake yenyewe, ikanasa stesheni. Nyuki wakaanza kusoma matangazo ya vifo. Wakataja marehemu, wakataja wafiwa mpaka walioko Mbeya, wakapiga na kwaya.

Kihwele akainuka. Akaupiga ule mzinga kwa fimbo. Ukalia ngaa! Akasoma jina kwenye sandarusi: Wiltruda Gama, Songea. Akacheka mpaka akashika nguzo. Mngoni!

Kwa yule asiyejua, Wangoni na Wahehe walipigana enzi za mababu mpaka wakachoshana, na tangu hapo ni watani. Mtani akikunyang'anya kitu, hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa, na anaweza kuchukua kingine. Kihwele akaushusha mzigo, akaupeleka nyumbani kwake kwa mkokoteni, akapiga simu.

"Wewe ndiye Wiltruda Gama?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Mhehe."

Bi Wiltruda akakaa chini palepale.

"Nyuki wako nimewateka," akasema Kihwele. "Na wametangaza misiba mingi, kwa hiyo pole sana, mtani."

Moyo wa Bi Wiltruda ulikuwa unalia, lakini utani una sheria zake, akalazimika kucheka.

"Rudisha mashine yangu, Mhehe wewe! Babu zako walitukimbia wakaacha ngao njiani."

"Ngao zile zilikuwa zenu. Tunafunikia vyungu mpaka leo."

"Rudisha, mtani. Mvua imekaribia."

"Nitakuletea mwenyewe, mpaka mlangoni. Lakini binti yangu Twilumba ameolewa hapo hapo kijijini kwenu. Mama mkwe wake kila siku anamsimanga kwamba baba yake hajawahi kuleta hata jembe. Ninataka niingie na mashine, nilime shamba la mwanangu, na huyo mama awe amesimama anaangalia."

Tone la kwanza la mvua likamwangukia Bi Wiltruda puani.

"Mtani," akasema, "ikifika salama, shamba la Twilumba ndilo la kwanza."

Ilikuwa ahadi ya tatu, kwa maneno yale yale, na kila mara aliisema kwa moyo mweupe. Hakuwa mwongo. Alikuwa mtu anayezama, anashika kila tawi.

Wakati huo habari ikafika. Lile lori lililochukua chumvi liliteleza kwenye kona, likaingia mtoni. Watu walitoka wazima, wamelowa tu na wamekasirika. Lakini shehena yote ilizama, na chumvi samaki wakaionja mpaka wakachoka. Bi Wiltruda alipoambiwa, alipiga ishara ya msalaba kwa mkono mzima, kisha akairudia kwa ule mbovu.

Je, mashine imefika? Subirini. Kihwele alitaka kwanza kuijaribu. Alikuta haina petroli, akatia. Haina oili, akatia. Haina plagi! Akaguna, akafungua pampu yake ya kumwagilia vitunguu, akatoa plagi yake, akaifunga. Mashine ikaunguruma. Akalima pembe moja ya bustani yake, kuijaribu. Akalima pembe ya pili, kuithibitisha. Akalima bustani yote, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuwaka. Huko Songea mvua inanyesha, udongo umelainika, watu wanalima, mto unapanda, na Bi Wiltruda anashinda kwenye ukingo wa bonde na simu mkononi.

"Mtani, uko wapi?"

"Niko njiani, mtani." Kumbe yuko kwenye matuta ya vitunguu.

Mpaka siku alipofika, na mashine juu ya gari lake la vitunguu, mto ulikuwa umekwisha kula migomba ya chini. Kila mtu bondeni aliona kwamba kesho hapatalimika. Ilibaki leo. Na mashine ile, kwenye udongo mzito namna ile, ingemaliza shamba moja, ikikazana, hadi jua kuzama. Mashamba mawili isingeweza.

Bi Wiltruda alipoiona ikishushwa, alilikumbatia tangi lake lililobonyea. Akalia waziwazi, haoni haya. Akavuta kamba kwa mkono mzima. Ikawaka kwa mvuto mmoja, sawa na ile video. Akashika mikono ya mashine, akaielekeza kwenye shamba lake.

"Wifi!" sauti ikaita.

Alikuwa Mwanamvua, ameshuka kwenye basi na begi kichwani, anapunga plagi hewani. "Msiiwashe, mimi ndiye mwenye..." Akasikia mngurumo, akasimama. Akaitazama plagi yake, akairudisha kwenye pindo la khanga kimya kimya.

Wakati huo huo Fulgensi naye akaingia, macho mekundu, amekwisha kuambiwa na kila mtu barabarani kwamba nyuki wake wametekwa. Kihwele alikuwa amesimama na kofia mkononi, na binti yake Twilumba pembeni, na mama mkwe kwa mbali, anaangalia.

Kila mmoja akasema, "Mashine imefika salama. Nilimie." Kila mmoja akamgeukia mwenzake, akasema, "Na wewe uliahidiwa?" Halafu wote wakamgeukia Bi Wiltruda.

Mwanamvua akatangulia. "Kama si mimi, hapa lingekuwa limefika lile bibi harusi lenye pumu. Mngeokoa nini? Mngesafirisha nini? Mngeteka nini? Mimi ndiye niliyechagua, nimeikalia mpaka nguo imeshika grisi. Na ahadi yangu ndiyo ya mwanzo. Shamba letu likilala leo, limeondoka, na Otmar hana tena kwao."

"Ulichukua plagi," akasema Kihwele. "Kama si plagi yangu, tungekuwa tunatazama chuma bubu."

"Niliilinda!"

Fulgensi akasema, "Kuchagua ni kuchagua, lakini mashine haitembei. Niliacha mabati yangu kwa ajili yake, na nyumba yangu inavuja juu ya mapacha hivi sasa. Na nyuki ni wangu mimi. Kama si nyuki wangu, wale wapakiaji wangeibeba pamoja na chumvi, na sasa ingekuwa chini ya mto. Nani kaiokoa hapo?"

"Uliiacha barabarani," akasema Mwanamvua. "Nyuki wako waliiacha pale ije iibwe na mwenye kupita."

"Na mwenye kupita ni mimi!" akasema Kihwele. "Nyuki walikwisha kusema wao ni redio. Kila mtoto wa Ilula angeifungua vipande. Mimi niliiteka, nikaiweka ndani, nikaitia oili, nikaipa plagi yangu, vitunguu vyangu sasa vinakauka kwa kukosa pampu. Nikaileta kwa mafuta yangu mpaka mlangoni. Wao walifanya kila kitu isipokuwa kuifikisha. Ahadi ilisemaje? Ikifika! Nani kaifikisha?"

"Wewe uliitumia," akasema Fulgensi. "Tope la kwenu hilo hapo kwenye visu vyake vya kulimia. Siku ulizolima vitunguu ndizo zilizotuharibia. Ungekuja mapema, tungelimiwa sote na maneno yasingekuwapo."

Kihwele akatazama visu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Nililima," akasema. "Lakini mwanangu hakulima vitunguu. Kosa langu msimtoze yeye." Twilumba akainamisha kichwa, na mama mkwe akasogea hatua moja ili asikose neno.

Mashine yenyewe iliendelea kuunguruma, haijui kitu. Maji yalikuwa yanakuja taratibu kati ya majani.

Ndipo Bi Wiltruda aliposema. Aliona aibu kwanza, akawa hawatazami. Kisha ikamjia hasira.

"Na mimi je?" akasema. "Nyote niliwaahidi, na nyote mmesema kweli. Lakini hii mashine niliinunua kwa nini? Wifi una mume mwenye mikono miwili. Fulgensi una mikono miwili. Twilumba ana mikono miwili, na mume, na baba wa kumletea mashine ya watu. Mimi nina huu." Akauinua ule uliopinda. "Mwaka jana nilikaa pale, kwenye lile jiwe la ukingoni, nikawatazama wenzangu wakipanda. Wakanipa mchele na maneno. Nikitimiza neno langu kwa mmoja wenu, wawili watanichukia, na mimi nitarudi kwenye lile jiwe. Nikilima langu, nimekuwa mwongo mara tatu kwa siku moja. Nikija kuomba mchele, nitaomba kwa nani?"

Fulgensi aliangalia upande wa nyumba yake. Kihwele alivaa kofia, akaivua.

Sasa nyinyi, mnaojua kila kitu. Msiniambie wagawane robo robo, robo ya bonde haimshibishi mtu wala hailindi shamba la ukoo. Msiniambie walime kwa majembe wakisaidiana, maji hayangoji kikao. Na wewe uliyecheka pale nyuki waliposoma matangazo ya vifo, usijifiche nyuma ya mwenzako, na wewe utajibu.

Bi Wiltruda amesimama njia panda ya bonde. Kulia ni shamba la Otmar, kushoto la Fulgensi, mbele la Twilumba, na nyuma yake ni lake mwenyewe. Mkono wake mmoja na nusu umeshika mashine, na maji yamemfika vidoleni.

Semeni upesi, maana mafuta yanaungua. Aigeuzie upande wa nani?